Mluzi Unaotoka Ndani

Kazi hii huanza kwa kuchomoa antena. Fundi ameketi Kendwa, kaskazini mwa Unguja, mbele ya redio aliyoiunda kwa mikono yake, na kwenye spika umesimama mluzi mwembamba usiokwenda popote. Anachomoa waya wa antena, mahali pake anaweka rezista ya omu 50, kisha anageuza kitufe polepole. Sauti za watu zinapotea. Mvumo wa anga nao unapotea. Mluzi uko palepale. Sasa amejua kwamba mchawi wake si inveta ya kiyoyozi cha hoteli ya jirani, wala si taa za LED za baa ya ufukweni. Kikulacho ki nguoni mwako: redio inajisikia yenyewe.

Hapo ndipo wengi huirudisha redio kabatini. Ufundi ninaotaka kuusifu ni wa wale ambao hapo ndipo huvuta kiti karibu zaidi.

Redio ya ridhaa ni redio koli ya mtu binafsi mwenye leseni. Inapokea na kurusha, haifanyi biashara, na mwenyewe anaruhusiwa kuiunda kuanzia rezista ya kwanza. Kwetu leseni hiyo hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na majina ya vituo vyetu huanza na 5H. Ukisikia 5H1 ujue ni Zanzibar. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 tulikuwa VQ1. Watu wa ridhaa duniani wanavihesabu visiwa walivyozungumza navyo, na kwenye orodha yao Unguja ni AF-032, kwa hiyo anayerusha kutoka hapa hakosi wa kumwitikia. Ufukwe nao una neema yake. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko jiwe la matumbawe tunalolijengea, na antena iliyosimamishwa wima ukingoni mwa maji hutuma mawimbi yake chini chini kuelekea upeo wa macho. Mawimbi ya namna hiyo ndiyo yanayofika mbali. Lakini neema yote hiyo inakwenda bure ikiwa kituo dhaifu kimekuja kutoka maelfu ya kilomita, kimepanda antena, kimeingia sandukuni, kikakuta kelele za wenyeji.

Wenyeji hao ni akina nani? Mwaka 1918, Vita Vikuu vya Kwanza vikielekea ukingoni, Mmarekani Edwin Armstrong alikuwa Paris na jeshi la nchi yake, na huko akabuni njia iliyokuja kufuatwa na redio za dunia nzima. Badala ya kuyakuza mawimbi kwenye masafa yaliyokuja nayo, redio huzalisha mawimbi mengine humo ndani, huyachanganya na yale ya hewani, na mchanganyiko huo hutoa masafa ya tatu, yasiyobadilika, ambayo ni rahisi kuyachuja na kuyakuza. Hayo huitwa masafa ya kati. Saketi inayozalisha mawimbi ya ndani ndiyo osileta. Redio ya namna hii, ikiwa ni ya SSB, yaani ya sauti inayorushwa kwa upande mmoja tu wa wimbi, huhitaji angalau mbili: ya kwanza kuhamisha masafa, ya pili kuyageuza yaliyochujwa yawe sauti ya binadamu tena. Bila hizo hakuna redio. Kwa hiyo fundi hawezi kumfukuza mgomvi huyu nyumbani. Ni lazima aishi naye na amwekee mipaka.

Na mgomvi mwenyewe ana nguvu za kutisha. Osileta ya kawaida hutoa zaidi ya volti moja. Kituo dhaifu kinachosikika kwa taabu hufika kwenye tundu la antena na mikrovolti 0.2, yaani volti moja iliyogawanywa mara milioni tano. Wote wawili wamo ndani ya sanduku moja, sentimita chache zikiwatenganisha. Kila nikiirudia hesabu hii nashangaa kwamba ipo redio ya kuundwa nyumbani iliyowahi kunyamaza.

Kusikiliza vitu dhaifu si jambo geni kisiwani humu. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia ndani ya Friendship 7, chombo chake kilipita juu yetu na akazungumza na kituo cha Marekani kilichokuwa Unguja, upande wa Tunguu, kimoja kati ya vituo vilivyotawanywa duniani kumfuatilia yeye na wenzake. Kilifungwa mwaka 1964. Wahandisi wa kituo kile walikuwa na mitambo mikubwa na fedha za serikali, lakini ndani ya kila pokezi lao ilikuwamo osileta, na tatizo la kuizuia isiingie mahali pasipo pake ni hilihili alilonalo mtu wa Kendwa mwenye ubao wa shaba na pasi ya kuchomelea.

Redio kuvuja ni jambo la tangu mwanzo. Katika miaka ya 1920 watu walikuwa na redio za valvu moja zilizosukumwa mpaka ukingoni ili zisikie vizuri zaidi. Mwenyewe akizidisha kidogo tu, redio yake ilianza kurusha, na mluzi ukaingia kwenye redio za mtaa mzima. Mwaka 1943 wanamaji wa Ujerumani waliamriwa kuzima kwenye nyambizi zao pokezi lililoitwa Metox, lililokuwa likiwaonya kwamba ndege za adui zinakuja na rada. Wakuu wao waliamini mawimbi yanayovuja kutoka Metox ndiyo yanayoziita ndege. Sababu ya kweli ilikuwa nyingine: ndege zilikuwa na rada mpya ya mawimbi ya sentimita 10 ambayo Metox haikuweza kuisikia. Lakini kwamba Metox ilivuja, hilo lilikuwa kweli, na hofu ya mvujo huo ikatosha kuwazibia masikio.

Anayejifunza ufundi huu mara nyingi huanza na redio isiyo na masafa ya kati: osileta moja, miksa moja ya kuchanganya mawimbi, kikuza sauti, basi. Ni redio nzuri na ya bei nafuu, na ina hila moja inayostahili kuelezwa taratibu kwa sababu imewachosha wengi. Osileta yake inafanya kazi kwenye masafa yaleyale ya kituo anachokisikiliza, hivyo hakuna kichujio cha kuizuia isitoke nje. Inavuja kupitia miksa, inapanda antena, inasambaa chumbani, inafika kwenye daiodi za pawa saplai. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo daiodi hizo hufunguka na kufunga mara 100 kwa sekunde, na kila zikifanya hivyo huyarudisha mawimbi hewani yakiwa yamebeba mvumo wake. Antena inayapokea. Msikilizaji anasikia mngurumo unaoongezeka na kupungua akihamisha waya, akishika sanduku, akibadilisha masafa. Anadhani umeme wake ni mchafu. Anaongeza kapasita kubwa kwenye pawa saplai, kisha kubwa zaidi, na mngurumo haubanduki, kwa sababu hautoki huko. Ni sauti ya osileta yake mwenyewe iliyokwenda matembezini ikarudi.

Fundi anayeijua hila hii huipima kwa dakika moja. Huiwasha redio kwa betri ya pikipiki, na pawa saplai akaichomoa kabisa ukutani, si kuizima tu. Mngurumo ukikatika, shahidi amepatikana. Anaweza kuweka kapasita ndogo ya nanofaradi 10 sambamba na kila daiodi, akaupitisha waya wa umeme mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti, na hali itatulia. Lakini fundi ninayemheshimu haridhiki hapo. Anarudi kwenye chanzo: anaweka transista ya kati baina ya osileta na miksa, anaisawazisha miksa ili osileta isipate upenyo wa kufika kwenye antena. Kinachotakiwa kukomeshwa ni safari, na safari inaanzia ndani.

Betri mezani, kwa mtu wa Unguja, ni akiba ya kila nyumba. Umeme wetu huja kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na hitilafu iliyotokea Desemba 2009 iliiacha Unguja gizani mpaka Machi 2010. Aliyeyapitia yale hahitaji kushawishiwa kwamba redio iundwe kwa ajili ya volti 12.

Ng'ambo ya pili ya bahari hii, mjini Hyderabad, Mhindi Ashhar Farhan alichora redio aliyoiita BITX kwa ajili ya wajenzi wasio na fedha za kuagiza vifaa vya kipekee. Alitumia transista za kawaida, na baadhi ya koili zikasokotwa juu ya washa za bomba la maji, kitu ambacho mtu wa Mji Mkongwe anaweza kukitafuta Darajani bila kumweleza mwenye duka kwamba anaunda redio. Naupenda uamuzi ule. Baadaye ikaja BITX40, bodi ya masafa ya megahezi 7, na ndani yake kuna mluzi mmoja ambao ni darasa kamili.

Masafa ya kati ya bodi hiyo ni kama megahezi 12. Ukitaka kusikiliza 7.1, osileta ya kwanza hukaa kwenye 4.9, kwa sababu 7.1 na 4.9 ni 12. Sasa panda mpaka 7.2, ukingo wa juu wa masafa tuliyopewa watu wa ridhaa katika kanda yetu. Osileta imeshuka mpaka 4.8. Lakini osileta haitoi masafa yake peke yake. Hutoa pia mara mbili yake, mara tatu, mara tano, na hizi za kisasa zenye wimbi la mraba hutoa kwa wingi yale ya namba witiri. Mara tano ya 4.8 ni 24. Hiyo 24 inakutana ndani ya miksa na 12 iliyovuja kutoka osileta ya pili. Tofauti yao ni 12. Masafa ya kati yenyewe! Kichujio cha kristali, kilichowekwa hapo kukataa kila kisichokuwa 12, kinaifungulia mlango, kwa kuwa hakina njia ya kuitofautisha na mgeni halali. Ndiyo maana mjenzi akifika mwisho wa masafa anakutana na mluzi uliosimama getini.

Mluzi wa namna hii hukamatwa kwa kalamu kabla ya pasi. Fundi anaandika kwenye karatasi safu ya mazao ya osileta ya kwanza, pembeni safu ya ile ya pili, anatafuta yanapogongana. Kisha anauliza: je, osileta ya kwanza ikikaa juu badala ya chini? Kwa 7.2 itakuwa 19.2. Mara tano yake ni 96, na ili 96 ilete ubaya huohuo inahitaji mara saba ya 12, ambayo kwa umbali huo imedhoofika sana. Mgongano umehamia mahali ambapo hauna nguvu. Ila kuna gharama: osileta ikihamia juu, upande wa sauti hugeuka kichwa chini, na osileta ya pili inabidi ihamishiwe upande wa pili wa kichujio, vinginevyo utasikia maneno yasiyo ya lugha yoyote. Hesabu hii mtu anaweza kuifanya barazani, redio ikiwa imezimwa. Sijui ufundi mwingine wa mezani ambapo penseli inaokoa risasi nyingi kiasi hiki.

Mluzi uliobaki baada ya hesabu ndio wa mikono. Chombo cha kuutafutia hakiuzwi dukani: kipande cha waya wa koaksi, ncha yake ikiwa na kitanzi cha mizunguko miwili kisichozidi upana wa sarafu, na upande wa pili redio nyingine ya kusikilizia. Fundi anakipitisha kitanzi juu ya bodi polepole, kwa kimo kilekile, na pale mluzi unapopanda anaweka alama ya penseli. Anaukuta juu ya koili ya osileta, sawa, hapo alitarajia. Anaukuta pia juu ya waya wa volti 12 upande wa pili kabisa wa bodi, karibu na kikuza cha antena, na hapo anasimama. Wimbi limefikaje huku? Limepanda waya wa umeme. Ule waya unaolisha osileta ndio unaolisha kila saketi nyingine, na usipozuiwa ni barabara iliyo wazi.

Tiba yake inajulikana na kila kitabu: kapasita ya nanofaradi 100 kutoka waya wa umeme hadi ethi, na rezista ndogo au pete ya feraiti kabla yake, kwa kila saketi peke yake. Tazama lakini jinsi fundi hodari anavyoiweka. Anaikata miguu ya kapasita mpaka ibaki milimita chache tu, mpaka pasi ikigusa upande mmoja joto linafika wa pili. Kwa nini ajitese hivyo? Kwenye megahezi 12, kapasita ya nanofaradi 100 ina ukinzani wa kama omu 0.13. Mguu wa waya wa sentimita moja, kwenye masafa hayohayo, una ukinzani wa kama omu 0.7. Yaani aliyeacha sentimita moja ya mguu amefungua mlango kisha akauwekea kizingiti kirefu mara tano ya mlango wenyewe, na wimbi halioni sababu ya kupita pale. Kwa macho, kapasita zote mbili ziko mahali pake na mchoro umefuatwa. Kwa sikio, moja inafanya kazi na moja ni pambo.

Ethi nayo vivyo hivyo. Mchoro huionyesha kwa alama moja, pale na pale na pale, na mgeni hudhani zote ni mahali pamoja. Kwenye bodi hakuna mahali pamoja. Mkondo wa osileta ukirudi kwa njia ya shaba nyembamba ambayo kikuza cha antena nacho kinaitumia, tayari wamepeana siri. Ndiyo maana wajenzi wengi wa zamani hawakutaka bodi ya kuchongwa kabisa. Walichukua kipande cha bodi chenye shaba nzima isiyokatwa, wakaifanya yote ethi, na vifaa wakaviunganisha juu yake hewani. Wenye kupenda bodi za kiwandani huiona sura yake ni ya fujo. Kwangu ni kati ya vitu vizuri vya kutazama: kila kifaa kimesimama kwenye njia fupi kuliko zote za kurudi ethi, na uzuri wake unasikika.

Kinachofuata ni kasha. Ukitoka Kendwa kwenda Nungwi, mwendo mfupi tu, utawakuta waunda majahazi, na kati yao yupo mwenye kazi ya kalafati: anapita mshono baada ya mshono wa ubao akishindilia pamba iliyolowa mafuta kwa patasi na nyundo, na haruki mshono hata mmoja, kwa kuwa bahari haihitaji mishono kumi ili iingie. Kazi ya kuziba osileta ni kalafati. Kasha la bati lililofunikwa vizuri pande tano na kuachwa wazi ya sita halijapunguza uvujaji kwa sehemu tano kwa sita. Tundu la kupitishia waya ni mshono. Mfuniko ulioshikwa na skrubu mbili badala ya nane ni mshono mrefu. Kila waya unaotoka kasha la osileta lazima upite kwenye kapasita ya kupenya ukuta, ile iliyotengenezwa ili ichomelewe kwenye tundu la bati, vinginevyo waya huo huo uliobeba volti kuingia ndani utabeba wimbi kutoka nje.

Na hapa kwetu kuna adui ambaye vitabu vya nchi za baridi havimtaji vya kutosha: chumvi. Upepo wa pwani huileta mpaka ndani ya sanduku. Mfuniko uliokuwa umegusana vizuri na kasha siku ya kwanza, baada ya muda una utando wa kutu kati yake, na bati mbili zenye utando si ngao tena. Redio iliyokuwa kimya inaanza kunong'ona bila kuguswa na mtu. Wengine huamua kuuchomelea mfuniko kwa risasi mzunguko wote, jambo linalomaanisha kwamba kabla ya kufunga lazima uwe na hakika na kila kilichomo. Nawaelewa wanaosita. Nawastahi zaidi wanaofunga.

Siku hizi osileta nyingi ni chipu ndogo, Si5351, yenye kristali ya megahezi 25, inayoamriwa na kompyuta ndogo kama Arduino Nano. Kwa kutulia haina mfano. Osileta za zamani za koili na kapasita ziliyumba kwa joto. Fundi alizichovya koili kwenye nta au vanishi, akachagua kapasita zinazopungua joto likipanda ili zifidie koili zinazoongezeka, na bado ilibidi aiache redio iwake kwanza ndipo aiamini. Chipu imeondoa taabu hiyo, ikaleta nyingine. Wimbi lake ni la mraba. Matundu yake matatu yanasikizana ndani ya chipu yenyewe, ndiyo maana wajenzi wengi hulitumia la kwanza na la tatu, wakaliacha la katikati bila kazi. Na kompyuta inayoiamuru ina saa yake ya megahezi 16, kioo chake cha maandishi, na nyaya mbili za mawasiliano zinazopiga kelele kila zinapopitisha neno.

Kwa kelele hizo za mwisho kuna dawa ninayoipenda kwa sababu haina risasi wala bati. Programu zilizoandikwa kwa haraka huiambia chipu masafa yaleyale tena na tena, mara nyingi kwa sekunde, hata kama mwenyewe hajagusa kitufe. Kila agizo linasikika kama tiki kwenye spika. Mwandishi mwangalifu anaongeza mstari mmoja: usiseme lolote mpaka kitufe kigeuke. Kompyuta inanyamaza, nyaya zinanyamaza, na redio imetibiwa kwa kufundishwa adabu ya kutosema lisilo na haja.

Mpaka hapa nimezungumzia kusikiliza, lakini redio hii hurusha pia, na huko osileta inayovuja si kero ya mwenyewe pekee. Inakwenda kwa watu. Kanuni za kimataifa zinataka redio ya ridhaa ya chini ya megahezi 30 ipunguze uchafu wake kwa desibeli 43 na zaidi kulingana na nguvu yake; kwa redio ya wati 5 hiyo ni desibeli 50. Kwa lugha ya nyumbani, kila wati iruhusu sehemu moja tu ya laki moja ya uchafu, hivyo redio nzima isitoe zaidi ya mikrowati 50 mahali pasipo pake. Fundi huisawazisha miksa ya kurushia kwa kitufe kidogo cha bisibisi, maikrofoni ikiwa imezibwa, redio ikirusha kwenye mzigo wa omu 50 na si kwenye antena, huku akiisikiliza osileta ya pili kwenye redio nyingine. Anageuza, inapungua. Anageuza zaidi, inaanza kupanda. Anarudi. Kuna bonde jembamba hapo katikati, na bisibisi ya chuma ikisogezwa tu inalihamisha, kwa hiyo hutumia ya plastiki, na anapodhani amefika huondoa mkono na kusikiliza tena. Mkono wenyewe ulikuwa sehemu ya saketi.

Ukimtazama akifanya hivyo utaona kwamba habadilishi vitu viwili kwa pamoja. Anaweka kapasita moja, anasikiliza, anaandika daftarini. Anafunika kasha, anasikiliza, anaandika. Ukimuuliza kwa nini asizibe njia zote kwa mkupuo, atakwambia kwamba akiziba zote hatajua ipi ilikuwa inavuja, na redio ijayo ataanza ujinga upya. Wapo wanaouona mwendo huu ni wa konokono. Mimi nauona ndio mwendo pekee unaomwachia mtu elimu baada ya redio kuuzwa au kuharibika.

Kisha anarudisha antena. Kelele zilizobaki sasa ni za watu, na anaweza kuzitaja kwa majina. Kuna mkwaruzo unaokuja na kuondoka kwa vipindi, na kwa sababu redio yake imeshatakata, anaubeba ushahidi wake begani: betri, pokezi dogo, kitanzi cha waya, anautembeza ufukwe mpaka mkwaruzo unapojaa spika, nyuma ya ukuta wa pampu ya bwawa la kuogelea. Anabisha hodi jikoni, anamwomba fundi umeme wa hoteli. Wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani. Halafu anaiwasha redio na kumwomba mwenzake aizime pampu, aiwashe, aizime tena, asikie mwenyewe. Mfukoni ana pete mbili za feraiti, tayari zimepasuliwa katikati ili zivishwe kwenye waya bila kuukata.